Harusi za Ukurasa wa Tatu

Nchi yenyewe ipo, na wenyewe tupo, ila jina lake tuliache kwanza, maana kila linapotajwa hadharani sheria inatutaka tusimame, na baadhi yenu mna miguu mibovu. Upande wa kaskazini tunapakana na jirani, na mpaka wetu ni mto ambao kila kiangazi hukauka mpaka mbuzi wakavuka bila pasipoti. Kwa ajili ya mto huo tulipigana vita. Tulishinda. Tunajua tulishinda kwa sababu gazeti lilisema hivyo, na gazeti lenyewe liliitwa Tumeshinda. Lilianzishwa siku ya kwanza ya vita, asubuhi, kabla risasi hata moja haijalia.

Siku ya pili serikali ikatoa Agizo la Uhai. Lilikuwa agizo fupi, la kuondoa wasiwasi: kuanzia tarehe hiyo hakuna askari wetu atakayekufa. Atakayetangaza kifo cha askari, atakayeweka matanga, atakayelia mahali pa kuonekana, au atakayenyoa kichwa bila sababu za usafi, atahesabiwa kuwa jasusi wa adui. Watu wakapiga makofi. Ni nchi ngapi duniani zimewahi kukataza kifo kwa maandishi, tena kwa mhuri? Mpaka leo agizo hilo halijafutwa, kwa kuwa kulifuta kungemlazimu mtu asimame aeleze lilikuwa la nini.

Basi gazeti likafunga safu ya tanzia. Nafasi ikabaki wazi ukurasa wa tatu, na mhariri, mtu asiyependa hasara, akafungua pale safu ya harusi. Hapo ndipo maajabu yalipoanza. Watu wetu, ambao zamani walioana bila kumwambia mtu zaidi ya majirani, walilivamia gazeti kwa matangazo ya ndoa. Lilitoka moja hivi: "Familia ya Mzee Sakafu inafurahi kuwatangazia ndugu na jamaa kwamba kijana wao, Sajini Obadia, amepata jiko huko ng'ambo ya mto. Hatarudi upesi. Njooni nyumbani kumpongeza mama mzazi. Mje na mikeka."

Kadiri vita vilivyopamba moto ndivyo vijana walivyozidi kuoa. Wiki ya mapigano ya Daraja Bovu ukurasa wa tatu haukutosha, harusi zikamwagika mpaka kwenye michezo. Wazee waliyasoma matangazo hayo, wakakunja gazeti, wakatafuta mikeka, wakaenda. Hawakuulizana kitu njiani. Sisi ni watu wastaarabu sana tukiogopa.

*

Miaka hamsini baadaye, mtu aliyeyajua matangazo hayo kuliko binadamu yeyote alikuwa Profesa Zefania Nguto, Mwanahistoria Mkuu wa Taifa. Ofisi yake ilijaa Tumeshinda kutoka sakafuni mpaka darini, na harufu ya karatasi kuukuu ilimfuata mpaka msalani. Alikuwa na kanuni moja aliyorudi nayo kutoka chuo cha ughaibuni: kilichoandikwa ni ushahidi, kinachosemwa ni umbea. Mwanafunzi aliyethubutu kutia maneno ya bibi yake kwenye tasnifu alirudishiwa tasnifu pamoja na salamu za bibi.

Kwa kanuni hiyo aliandika kitabu chake kikubwa, Mapenzi na Mtutu, kinachofundishwa leo katika shule zote. Hoja yake ni nyepesi na ya kupendeza. Vita vyetu, anasema, hatukuvishinda kwa risasi. Tulivishinda kwa kuoa. Jeshi letu lilivuka mto, likawapenda mabinti wa adui, likabaki huko. Ndiyo maana halikurudi. Kwamba mabibi harusi hawatajwi majina ni dalili ya haya yao. Kwamba karamu zilikuwa za uji usio na sukari ni dalili ya uzalendo wakati wa uhaba. Kuhusu mikeka Profesa aliandika sura nzima, yenye michoro, akithibitisha kwamba wakati wa vita viti vilipitwa na wakati.

Na kuhusu wiki ya Daraja Bovu aliandika sentensi ambayo watoto wetu huikariri: "Baada ya mapigano makali, vijana walipumzika kidogo, wakaoa."

Msomaji atauliza, mtu msomi namna hii, hakushtuka hata kidogo? Hakushtuka. Alikuwa na sababu yake ya kutoshtuka, na sababu hiyo ilikuwa imemkaa kooni tangu ujana. Siku moja, akiwa mwanafunzi wa chuo, alifunua Tumeshinda la zamani akakuta tangazo hili: "Familia ya Marembo inafurahi kuwatangazia kwamba Koplo Elisafi ameongeza jiko huko ng'ambo ya mto. Hatarudi upesi. Njooni kumpongeza mke mkubwa. Mje na mikeka."

Koplo Elisafi Marembo alikuwa baba yake. Zefania aliachwa na baba huyo akiwa bado anapangusa kamasi kwa mkono, na kumbe mwenzake alikuwa ameoa kwa maadui, anakula mbichi na mbivu! Alirudi nyumbani siku hiyo hiyo akamwambia mama yake, "Nimeshajua kila kitu. Baba ametuacha, ameoa." Mama yake akamtazama, akanyamaza. Zefania akauchukua unyamavu huo kuwa ushahidi wa pili. Wiki iliyofuata alilifuta jina la Marembo kwenye vyeti vyake akachukua la mjomba, Nguto, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumtajia baba mbele ya chakula. Alimchukia kwa bidii ya kitaaluma, na chuki hiyo ndiyo iliyomsomesha mpaka juu.

Serikali nayo ilikipenda kitabu. Wizara ya Mambo ya Nje ikamwandikia jirani barua ya udugu, ikimwita shemeji na kumwuliza habari za wale mabwana harusi. Jirani akajibu kwa adabu: "Tumewatafuta sana. Tuliowapata tuliwazika wenyewe, kwa heshima, karibu na daraja. Mnakaribishwa kuwaona." Wizara ikampelekea Profesa barua hiyo aifafanue. Profesa akavaa miwani, akaandika pembeni: "Shemeji akikwambia amemzika ndugu yako, ana maana kwamba ndugu yako amezama katika mapenzi. Huu ni utani." Barua ikawekwa kwenye jalada la Utani wa Mashemeji, na katibu muhtasi wa Profesa, aliyekuwa na umri mkubwa, akalifunga jalada lile polepole, akaomba ruhusa ya kwenda kunawa uso.

*

Ilipokaribia miaka hamsini ya vita, Waziri wa Kumbukumbu Njema, Mheshimiwa Ponsiano Ndevu, alimwita Profesa ofisini.

"Profesa," alisema, "nchi nyingine zikiadhimisha vita zinaweka mashada makaburini. Huo ni umaskini wa fikra. Sisi tutafanya Jubilei ya Dhahabu ya Ndoa za Vita. Uwanja wa Taifa. Wake wote, mama wote waliotangazwa kwenye lile gazeti lako, waletwe wapewe zawadi."

"Na mabwana harusi, Mheshimiwa? Wako ng'ambo."

"Tutakaimisha." Waziri alikuwa mtu wa maamuzi. "Idara ya Vipimo na Mizani ina watumishi hawana kazi. Watapakwa mvi, watavishwa maua, kila mama atasimama na kaimu bwana harusi wake. Wewe utasoma matangazo yenyewe, moja baada ya jingine. Redio itarusha moja kwa moja. Halafu kule mwisho nitakutangazia jambo lako."

Jambo lenyewe Profesa alilijua: nyumba ya serikali kilimani, na sanamu yake ya nusu mwili mbele ya maktaba. Sanamu ilikuwa imekwisha chongwa. Alikuwa ameshaenda kuiona mara kadhaa kwa siri, na hakupenda pua.

Jumamosi akaenda kwa mama yake kumpa mwaliko. Bi Tabea alikuwa ukumbini anaambua kunde.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda."

"Mama, nimekuja na jambo zito kidogo. Najua linaumiza. Yule bwana alikuacha na mimi mdogo akaenda kuoa kwa maadui. Lakini serikali imeamua kuwaheshimu wake wakubwa waliovumilia. Utapewa godoro."

Bi Tabea hakuinua kichwa. "Godoro la namna gani?"

"La watu wawili."

Akacheka kidogo, kicheko kikavu, kisha akatupa ganda la kunde mbali kuliko ilivyohitajika. "Na majina yatasomwa?"

"Yote. Mimi mwenyewe ndiye nitakayesoma. Vipaza sauti vitasikika mpaka sokoni."

"Na lake?"

"Na lake," alisema Profesa, kama mtu anayetema mbegu. "Kwa ajili ya taaluma."

Mama akainua kichwa sasa. "Basi nitakuja. Niwaambie na wenzangu waje na mikeka?"

"Mama, kutakuwa na viti."

"Nimesikia, baba. Kutakuwa na viti."

*

Siku ya sherehe bendi ya polisi ilipiga nyimbo za harusi tangu alfajiri. Magodoro yalipangwa uwanjani kama matofali ya mtu aliyeishiwa saruji, na mbele ya kila godoro alisimama mtumishi mmoja wa Vipimo na Mizani, mvi za chokaa kichwani, shada la maua shingoni, anatoka jasho jeupe.

Kisha wanawake wakaingia. Maofisa wa itifaki walikuwa wamewatayarishia njia ya zulia jekundu, lakini wao walipita pembeni, kwenye nyasi. Walivaa kaniki. Kila mmoja alikuwa na mkeka kwapani. Hawakuvitazama viti. Walitandika mikeka katikati ya uwanja, wakavua viatu, wakakaa, miguu wameinyoosha, vichwa wameviinamisha.

Kijana mmoja wa Mizani akamsogelea bibi aliyepangiwa. "Mama, samahani, mimi ndiye kaimu mumeo."

"Kaa hapa mkekani, mwanangu," bibi akamwambia. "Usisimame juani."

Kijana akakaa. Wenzake wakaona, nao wakakaa.

Mheshimiwa Waziri hakujali mpangilio. Alipanda jukwaani akafungua hotuba yake kwa sauti ya kutikisa vyuma. "Ndugu wananchi! Mataifa mengine yalipeleka vijana vitani wakarudi na magongo. Sisi tulipeleka vijana wetu na hawakurudi kabisa, kwa sababu ya furaha! Ni taifa gani jingine lenye rekodi hii? Hata shujaa mmoja hatukumpoteza. Tulimwozesha!" Akapiga makofi mwenyewe, akaungwa mkono na viongozi wa meza kuu, ambao wengi walizaliwa baada ya vita na walikuwa wamefaulu vizuri somo la historia. "Sasa namkaribisha bingwa wetu atusomee."

Profesa Zefania alisimama mbele ya kipaza sauti na magazeti yake yaliyofungwa kwa utepe. Alianza na Sajini Obadia. Bendi ilikuwa imeagizwa ipige baada ya kila jina, na ikapiga. Ikapiga na kwa jina la pili. La tatu, mpiga tarumbeta akaishusha tarumbeta mapajani akakataa kutazama mbele, kwa sababu bibi yake alikuwa kwenye mkeka wa kwanza. Baada ya hapo Profesa akasoma bila muziki. Jina, jiko, hatarudi upesi, mje na mikeka. Jina, jiko, hatarudi upesi, mje na mikeka. Alikuwa ameyasoma maneno hayo kwa macho maisha yake yote. Kwa sauti hakuwahi, na alianza kuona kwamba kwa sauti yana uzito mwingine, kama debe ulilodhani tupu. Akasema moyoni ni joto. Akanywa maji.

Akalifikia la baba yake. Akakaza shingo. "Familia ya Marembo inafurahi kuwatangazia kwamba Koplo Elisafi..."

Hakumaliza. Kwenye mikeka mwanamke mmoja alilia. Hakikuwa kilio cha kufuta jicho kwa pembe ya kanga. Kilikuwa cha mtu aliyeletewa habari sasa hivi mlangoni, mikono kichwani, na aliyekuwa akikitoa ni Bi Tabea. Wenzake hawakungoja. Uwanja mzima ukapasuka.

Meza kuu wakageukiana. Inspekta wa polisi akatoa Agizo la Uhai mfukoni akalisoma, akaligeuza, akalisoma tena. Alikuwa mtu mwaminifu na alitatizika kweli. "Mheshimiwa," alimnong'oneza Waziri, "kosa ni kumlilia askari aliyekufa. Lakini agizo hili hili linasema hakuna aliyekufa. Sasa nikiwakamata, nitaandika walikuwa wanamlilia nani?"

Waziri alipangusa paji la uso. Redio ilikuwa hewani. "Profesa," akasema kwa haraka, mkono umefunika kipaza sauti, "wewe ndiye mtaalamu. Waeleze wananchi kwamba hiki ni kilio cha furaha. Sentensi moja tu, kisha nitangaze sanamu."

Lakini Profesa alikuwa ameshashuka jukwaani. Alipita katikati ya mikeka, viatu mkononi bila kukumbuka alivivua saa ngapi, akachuchumaa mbele ya mama yake.

"Mama, unamlilia nini mtu aliyekuacha?"

"Hakuniacha," alisema Bi Tabea. "Alikufa Daraja Bovu. Wakaniletea viatu vyake, kimoja si chake."

"Gazeti lilisema..."

"Gazeti tuliandikisha sisi. Baba yako mdogo ndiye aliyepeleka tangazo. Ungeandika nini, wewe msomi, na kulia kumepigwa marufuku?"

Profesa alikaa chini kwa kishindo. Magazeti yote yale, sakafuni mpaka darini, yalimpita machoni, na katika kila ukurasa watu walikuwa wakimwambia jambo lile lile, kwa herufi nzito, na wakimwomba alete mkeka. Naye aliandika sura yenye michoro.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulipokuwa mdogo niliogopa mdomo wako. Ulipokua nilikungoja uniulize." Mama alimpangusa vumbi begani, kama alivyokuwa akifanya siku za shule. "Hukuniuliza hata siku moja, baba. Ulikuja kunieleza."

Huko jukwaani Waziri alikuwa akimwita kwa kipaza sauti, kwa majina yake yote na vyeo vyake vyote. Profesa akainuka. Alipanda ngazi peku. Pale chini ya jukwaa, chini ya kitambaa cha bendera, sanamu yake ilikuwa ikisubiri kufunuliwa, pua ikiwa imetangulia.

"Wananchi," alisema, na vipaza sauti vikaipeleka sauti yake mpaka sokoni. "Mimi nina digrii tatu. Zote nimezipata kwa kutokujua jambo ambalo kila bibi aliyekaa hapa analijua. Nimeombwa niwaeleze hiki ni kilio gani. Baba yangu amekufa."

Wanawake wakakatiza kilio, wakainua vichwa. Inspekta aliweka mkono kwenye pingu, maana sasa kosa lilikuwa limepata mtu wa kuliandikia.

Ila Mheshimiwa Ponsiano Ndevu, kabla hajawa Mheshimiwa, alilelewa na bibi yake, katika kijiji ambako mtu akisikia habari ya msiba asiseme neno hanyweshwi maji. Elimu ilikuja baadaye, cheo kikaja baadaye zaidi, na mdomo wake haukuwasubiri. Alimshika Profesa mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole," alisema. "Pole sana, Profesa. Poleni wafiwa. Alikuwa anaumwa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Alikufa vitani."

"Masikini! Mungu amlaze mahali pema..." Hapo ndipo Waziri alipojisikia mwenyewe kwenye vipaza sauti. Aliangalia kipaza, akaangalia mkono wake, ambao bado ulikuwa unampa pole mtu. Mshauri wake wa sheria alikuja mbio, akapekua makabrasha, akatikisa kichwa. Hotuba ya serikali inaweza kurekebishwa, takwimu zinaweza kurekebishwa, hata matokeo ya uchaguzi, hilo tunalijua. Lakini pole ya serikali ikishatolewa, hakuna utaratibu wowote wa kuirudisha.

Bibi wa mkeka wa kwanza alikuwa amefika mguuni pa jukwaa. "Na mimi nimefiwa, Mheshimiwa. Mwanangu Obadia."

Waziri alijaribu kufumba mdomo. Tulimwona wote. "Pole, mama," alisema.

"Na mimi mume wangu."

"Pole, mama."

Wakapanga foleni, bila kuamrishwa na mtu wa itifaki. Inspekta alivua kofia akaikunja kwapani, na watu walipotazama tena alikuwa kwenye foleni, nyuma ya mama mmoja mwenye fimbo, akingoja zamu yake. Waziri alipewa majina yote ya ukurasa wa tatu, moja moja, na kila moja akalijibu, mpaka sauti ikamkauka akawa anatumia mikono tu.

Profesa hakungoja jambo lake litangazwe. Alirudi kwenye mkeka wa mama yake, akakaa, akanyoosha miguu kama alivyoona wengine wakifanya. Watu asiowajua wakaanza kupita mbele yake, wakiinama, wakimshika mkono: vijana wa Mizani na chokaa yao, mpiga tarumbeta, katibu muhtasi wake mwenyewe. Kila mmoja alimwambia pole. Adabu inamtaka mfiwa ajibu, "Nimeshapoa." Alifungua kinywa kwa wa kwanza, akafungua kwa wa pili, na neno halikutoka, lililotoka ni sauti nyingine, ya mtoto, na mabega yakaanza kumruka.

Bi Tabea akamvuta kichwa akakilaza begani kwake, akawajibia wapitao.

"Bado hajapoa," alisema. "Mwacheni alie. Sisi wengine ni wa zamani, lakini msiba wake huyu ni wa leo."